Hivi kwa nini hoteli ikijenga ukuta wa kuzuia bahari, bichi ndo inapotea?

Ukipanda daladala pale Dar, barabara ya Bagamoyo kwenda Tegeta, utamsikia konda anaita "Africana wa kushuka!", na vijana wengi waliomo humo hawajui kwamba Africana ilikuwa hoteli, tena sio ya kitoto, ilikuwa huko chini ufukweni upande wa Kunduchi. Bahari ikaila. Mchanga ulipungua na kupungua mpaka hoteli ikatelekezwa, jina ndo limebaki kituoni.

Sasa jiulize, bahari hiyo hiyo ilikaa na ufukwe huo huo tangu enzi za mababu bila ugomvi, iweje ianze kula baada ya watu kuja na zege?

Shida inaanzia pale tunapouona ufukwe kama kiwanja. Ufukwe sio kiwanja bana, ni mchanga uliopo safarini. Wimbi mara nyingi haliji limenyooka, linapiga kimshazari, linapandisha mchanga upande upande halafu maji yanarudi moja kwa moja baharini, kwahiyo kila wimbi chembe inasogea kidogo, na mawimbi hayalali. Kusi ikivuma, kama kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, mchanga unahamia kaskazini, kaskazi ikiingia mwisho wa mwaka unarudishwa kusini. Pwani ya Dar kusi ndo ina nguvu zaidi so ukipiga hesabu ya mwaka mzima mchanga unaelekea kaskazini. Yaani ule uliopo mbele ya hoteli yako leo jana ulikuwa kwa jirani, na kesho utakuwa kwa mwingine.

Na huo mchanga lazima uletwe na kitu. Pale Kunduchi mwingi uliletwa na vijito kama Mbezi na Tegeta vinavyoshuka kutoka bara, na sisi tukaingia mtoni na matipa tukauchota kujengea nyumba za mjini. Sehemu nyingine mchanga unatoka kwenye matumbawe, na hapa kuna mtu humjui: pono. Ndiyo, yule wa usingizi wa pono. Samaki huyu anatafuna matumbawe kwa meno yake magumu kama mdomo wa kasuku, anasaga, halafu anakunya mchanga mweupe, pono mmoja mkubwa anaweza kutoa makumi ya kilo kwa mwaka. Kwahiyo picha yako ya honimuni umelala kwenye mchanga mweupe, kwa kiasi fulani umelalia mavi ya samaki. Ukipiga baruti kwenye mwamba unaua kiwanda, na tena unavunja kile kilichokuwa kinapunguza nguvu ya mawimbi huko nje kabla hayajafika ufukweni.

Haya, turudi kwenye ukuta. Ufukwe wenye mteremko wa taratibu unalichosha wimbi. Linapanda, linatawanyika, maji mengine yanazama kwenye mchanga, linaporudi limeshalegea na mchanga mwingi linauacha. Ukuta wa zege hauna huruma hiyo, wimbi likiupiga linarudi na nguvu yake karibu yote, na pale chini kwenye mguu wa ukuta maji yanazunguka na kuchimba. Mchanga unaondoka, maji yanakuwa na kina zaidi, wimbi linalofuata linafika likiwa kubwa zaidi, linachimba zaidi. Mwisho wa siku hoteli imebaki, bichi aliyoifuata mgeni haipo.

Halafu kuna suala la akiba. Vile vilima vya mchanga nyuma ya ufukwe, vyenye majani yanayotambaa na maua ya zambarau, ni benki. Bamvua (zile siku bahari inajaa na kupwa kuliko kawaida) ikikutana na upepo mkali bahari inakopa mchanga pale, inauweka chini ya maji karibu na pwani, msimu ukitulia inaurudisha polepole. Mwenye hoteli anasawazisha vile vilima, anapanda nyasi za mapambo, anajenga bwawa la kuogelea juu yake, yaani kajengea juu ya akaunti ya bahari halafu anashangaa bahari inagonga mlango.

Wajanja wengine wanaweka vikuta vya mawe vinavyoingia baharini ili vinase mchanga unaopita. Vinanasa kweli, upande mmoja. Upande wa pili jirani anakosa, naye anaweka vyake, anayefuata naye hivyo hivyo, kila mmoja anamsukumia mwenzie njaa, na wa mwisho kwenye mstari huwa ni wavuvi na mitumbwi yao.

Ndo maana sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Watu wanadhani ni ukorofi wa serikali, kumbe zile mita ni nafasi ya bahari kupumua (utekelezaji wake ni stori nyingine, tembea tu ufukweni upime kwa hatua).

Ukitaka kuona mwenyewe nenda wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, utafute hoteli yenye ngazi za kushukia baharini. Mimi niliikuta moja, ngazi ya mwisho inaning'inia hewani, mchanga umeshuka unanifika kiunoni kutoka ilipo, na pembeni mnazi umesimama kwenye mizizi yake kama mtu aliyepandisha suruali avuke dimbwi. Mlinzi akaniambia zamani pale palikuwa na viti.

Maji yakijaa, wageni wanaogelea kwenye bwawa.