Swali la Ghibli si la mrithi

Kila ninapowafundisha wanafunzi wangu kuchora mwendo, huwaonyesha sehemu fupi ya Spirited Away, filamu ya katuni ya Studio Ghibli ya Japani, ambayo watazamaji wengi huipita bila kuiona. Chihiro, msichana mhusika mkuu, anavaa viatu vyake kwa haraka, kisha, kabla ya kukimbia, anagonga ncha ya kiatu chini ili kisigino kikae vizuri. Hadithi haikihitaji kitendo hicho, na kikiondolewa hakuna atakayelalamika. Kimo mle kwa sababu mtu fulani aliwahi kumtazama mtoto halisi akivaa viatu, na kwa sababu studio ilimpa muda wa kulichora jambo alilolitazama. Siku hizi naulizwa mara kwa mara iwapo Ghibli ina mustakabali, na anayeniuliza huwa anataka kujua nani atamrithi Hayao Miyazaki, mwongozaji wake mkuu. Mimi nafikiria kile kiatu.

Ghibli ilipoanzishwa mwezi Juni 1985 haikujengwa iwe taasisi ya kudumu. Miyazaki na Isao Takahata walikuwa waongozaji waliotafuta mahali pa kutengenezea filamu zao. Toshio Suzuki, aliyekuwa mhariri wa jarida, alijua namna ya kuzitafutia fedha na watazamaji. Na mtaji ulitoka kwa kampuni ya uchapishaji ya Tokuma Shoten. Wachoraji walikusanywa filamu ilipoanza na kutawanyika ilipokwisha, kama mafundi wanavyoondoka nyumba ikishaezekwa. Mambo yalibadilika baada ya mafanikio ya Kiki's Delivery Service ya 1989, ambapo studio iliamua kuwaajiri wachoraji kwa mshahara wa mwezi na kuanza kuwafunza vijana wake yenyewe.

Asiyeifanya kazi hii huenda asiuone uzito wa uamuzi huo. Mchoraji mkuu huchora mikao muhimu ya kitendo, na mchoraji wa kati hujaza michoro inayoiunganisha mikao hiyo, mmoja baada ya mwingine, juu ya meza yenye taa chini ya kioo. Sekunde moja ya filamu ina fremu, yaani picha tuli, 24, na hata pale kila mchoro unaposhikiliwa kwa fremu mbili, mhusika mmoja anayetembea anakula michoro 12 kwa sekunde. Princess Mononoke ya 1997 ilihitaji takriban michoro 144,000. Katika sehemu kubwa ya tasnia hii nchini Japani mchoraji wa kati hulipwa kwa idadi ya michoro anayoikabidhi, kwa hiyo anayetulia kufikiri jinsi mguu unavyoingia kiatuni anajipunguzia posho mwenyewe. Mshahara wa mwezi ndio uliokilipia kiatu cha Chihiro.

Mshahara huo, hata hivyo, unadai. Watu wakishaajiriwa wanapaswa kuwa na filamu mezani mwaka baada ya mwaka, na filamu zilizoweza kubeba gharama za nyumba nzima zilikuwa, kwa sehemu kubwa, za mtu mmoja. Spirited Away ya 2001 iliingiza zaidi ya yeni bilioni 30 katika majumba ya sinema ya Japani peke yake. The Tale of the Princess Kaguya ya Takahata, iliyotoka 2013 baada ya takriban miaka 8 ya kazi, iligharimu karibu yeni bilioni 5 na haikuzirudisha katika majumba hayo. Naiona kuwa miongoni mwa filamu nzuri zaidi zilizowahi kuchorwa kwa mkono, na naelewa pia kwa nini mhasibu yeyote angekosa usingizi kwa ajili yake.

Warithi walitafutwa kwa muda mrefu, na orodha yao inahuzunisha. Yoshifumi Kondo, aliyeongoza Whisper of the Heart ya 1995 na ambaye wengi walimtarajia ashike usukani, alifariki Januari 1998 akiwa na umri wa miaka 47. Mamoru Hosoda aliitwa kutoka nje kuongoza Howl's Moving Castle, akaondoka kabla ya filamu kukamilika, na Miyazaki akaichukua mwenyewe. Hiromasa Yonebayashi, aliyelelewa ndani ya studio, aliongoza filamu mbili kisha akajiunga na Studio Ponoc, iliyoanzishwa 2015 na Yoshiaki Nishimura, mtayarishaji aliyetoka Ghibli pia. Goro Miyazaki, mwana wa Hayao, ameongoza filamu kadhaa chini ya kivuli ambacho sidhani kuna anayekitamani.

Wakati dunia inahesabu majina hayo, tukio kubwa zaidi lilipita bila kishindo kinacholingana nalo. Miyazaki alitangaza kustaafu Septemba 2013, na mwaka uliofuata, baada ya When Marnie Was There, idara ya utayarishaji ilivunjwa. Jengo la studio la Koganei lilibaki, na jumba la makumbusho la Mitaka liliendelea kupokea wageni, lakini timu iliyojengwa kwa miaka 25 ilitawanyika. Miyazaki aliporudi kutengeneza The Boy and the Heron, ilibidi wachoraji wakusanywe upya, wengine kutoka studio nyingine. Takeshi Honda, aliyesimamia uchoraji wote, alitoka Khara, studio ya Hideaki Anno. Kazi ilikwenda kwa kasi ya kama dakika moja ya filamu kwa mwezi. Ilitoka Julai 2023 na kupata Oscar mwaka uliofuata, na wengi waliuona ushindi huo kuwa dalili kwamba studio iko hai. Mimi niliona waongozaji wa studio nyingine wakimwazima mzee wao mafundi wao bora.

Ndipo Septemba 2023 ilipotangazwa kwamba kituo cha televisheni cha Nippon TV kingenunua asilimia 42.3 ya haki za kupiga kura za wanahisa na kuifanya Ghibli kampuni yake tanzu. Suzuki alikuwa na umri wa miaka 75 na Miyazaki 82. Ilielezwa kwamba Goro alipendekezwa kuongoza kampuni, naye akaona kuwa mzigo huo haubebeki na mtu mmoja. Urais ukaenda kwa Hiroyuki Fukuda wa Nippon TV. Sioni ubaya katika mpango huo: kituo hicho kimekuwa kikionyesha filamu za studio hii kwa miongo kadhaa, na ni afadhali ndugu wa siku nyingi kuliko mfuko wa uwekezaji usioijua. Ila tuangalie kilichonunuliwa. Ni filamu zilizokwisha kutengenezwa, ambazo huku kwetu tulianza kuzipata Netflix mwaka 2020, pamoja na makumbusho, bustani ya Aichi iliyofunguliwa 2022, na midoli ya Totoro, mhusika wa filamu zake. Hayo yote yanaweza kutunzwa na menejimenti nzuri kwa miaka hamsini bila mchoro mmoja mpya. Nyumba iko salama. Karakana ndiyo yenye shaka.

(Machi 2025, programu za akili mnemba zilipoanza kugeuza picha za familia kuwa za “kighibli”, nilitumiwa nyingi mno. Ziliiga mashavu na mawingu. Kitendo hazikukiiga, kwa kuwa picha moja iliyotulia haina kitendo.)

Kwa hiyo sifuatilii habari za mrithi. Ninachokifuatilia ni matangazo ya ajira. Mwaka 2017, Ghibli ilipotafuta vijana wa kuchora filamu ile mpya ya Miyazaki, ilitoa mshahara wa yeni 200,000 kwa mwezi, na mkataba ulikuwa wa miaka 3. Nitaanza kuamini kwamba Ghibli ina mustakabali siku watakapotangaza nafasi kwa wachoraji wa kati bila kuandika tarehe ya mwisho wa mkataba.