Queen wanastahili nafasi yao, lakini si kwa sababu ya Unguja

Kazi yangu ni kurekodi na kuchanganya sauti studioni, na kwa miaka mingi nimekaa kwenye mabishano ya wanamuziki kuhusu bendi ipi ya roki ilizishinda nyingine zote. Mimi ni mpenzi wa Queen tangu ujana, sifichi. Nawaweka katika tano bora za wakati wote, chini ya Beatles, ingawa mara nyingi nagombana na mashabiki wenzangu kuliko wapinzani, kwa kuwa hoja wanazozileta ni nyepesi kuliko bendi yenyewe.

Ya kwanza, ambayo kwetu pwani haikosekani, ni kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Unguja. Ni kweli alizaliwa huko tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Lakini alipelekwa shule ya bweni India akiwa bado mtoto, akaingia huko huko katika bendi yake ya kwanza, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Tuna haki ya kujivunia mtoto wa Mji Mkongwe, ila mahali alipokatwa kitovu hapampi mtu alama za muziki. Ya pili ni onyesho lao kwenye tamasha la hisani la Live Aid, uwanjani Wembley, tarehe 13 Julai 1985. Lilikuwa la ajabu, nakubali, lakini dakika ishirini hivi haziwezi kuhukumu kazi ya miaka ishirini.

Hoja yangu iko kwenye mkanda. Wakirekodi "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975, walikuwa na mashine ya njia 24 tu, yaani mikondo 24 kwenye mkanda, kila mmoja ukinasa sauti yake, na sehemu ya kwaya ilihitaji sauti nyingi mno kuliko hizo. Mercury, mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor waliimba mstari mmoja tena na tena, na njia zilipojaa, sauti zilizokwisha kunaswa ziliunganishwa na kuhamishiwa kwenye njia chache ili nyingine zipate nafasi. Kila uhamisho huongeza mvumo wa mkanda na kufifisha ung'avu wa sauti, na kosa likishaunganishwa halitoki tena. May amesimulia kwamba mkanda ulipitishwa mashineni mara nyingi hata ukachakaa na kuanza kupenyeza mwanga. Leo kijana mwenye kompyuta anarundika sauti mia bila hasara, akikosea anafuta. Wao ilibidi wajue kwaya nzima itasikikaje kabla ya kurekodi mstari wa kwanza, na uamuzi wa namna hiyo mimi nauhesabu kuwa sehemu ya utunzi wenyewe.

Halafu wote wanne walitunga nyimbo zilizovuma, jambo ambalo bendi chache sana zinaweza kujisifia. May alitunga "We Will Rock You", Taylor akatunga "Radio Ga Ga", na John Deacon, yule mpiga besi mkimya, ndiye aliyeleta "Another One Bites the Dust", iliyoshika namba moja Marekani mwaka 1980. Rolling Stones, kwa kulinganisha, waliegemea zaidi watunzi wawili.

Wapinzani nao wana mambo mawili nisiyoweza kuyakana. Albamu za Queen hazilingani: katika "Hot Space" ya mwaka 1982 walifuata midundo ya disko hadi gitaa la May likakosa pa kukaa. Tena, mwaka 1984 walikwenda kupiga kwenye kituo cha starehe cha Sun City, katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii waisusie. Hilo halipunguzi noti hata moja, lakini Mwafrika anayewanyima heshima kwa sababu hiyo simlaumu.

Anayebisha kwa upande wa muziki, namwomba avae hedifoni asikilize "Good Company", nayo ya mwaka 1975. Ile bendi ya jazi ya kizamani inayoingia, na tarumbeta na klarineti zake, yote ni gitaa la May, alilolitengeneza nyumbani pamoja na baba yake kwa mbao za meko kuukuu, likirekodiwa kipande kwa kipande. Sinthesaiza, ala ya kielektroniki inayoweza kuiga sauti za ala nyingine, haimo katika albamu yenye wimbo huo. Walianza kuitumia mwaka 1980.