"Tukifika tutabadilisha": maneno yanayowakwamisha wagonjwa wetu

Alhamisi iliyopita nilifika ofisini kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, ninakowasaidia wagonjwa karatasi za kwenda kutibiwa nje, nikamkuta kijana ameshakaa kwenye benchi la nje, bahasha ya kaki mapajani. Alikuwa ametoka Tukuyu na gari la alfajiri. "Shikamoo mama." Marahaba mwanangu. "Mama, viza ya mzee tunayo tayari. Nimekuja unisaidie tiketi tu."

Nikafungua bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya rufaa, CD ya MRI, makadirio ya gharama kutoka hospitali moja ya Chennai, na karatasi iliyochapwa steshenari. Ni idhini ya viza ya mtandaoni ya India, aina ya utalii, siku 30. Mzee wa miaka 68, ana uvimbe unaobana uti wa mgongo, anatembea kwa kushikwa mikono pande zote mbili, na karatasi inasema anakwenda kutembelea vivutio. Familia imeuza ekari ya parachichi kwa ajili ya safari hii.

Nikamuuliza nani aliwashauri. "Kijana wa steshenari alisema ya utalii inatoka haraka na haiombi barua nyingi. Tukifika tutabadilisha."

Nimeyasikia maneno hayo Kyela, nimeyasikia Mbozi, nimeyasikia kwa mwalimu mstaafu wa Iringa ambaye kila karatasi nyingine aliipanga vizuri kuliko mimi. Leo nayaandikia, kwa sababu nimechoka kuyajibu baada ya pesa kuondoka.

Viza ya utalii ya India haibadilishwi kuwa ya matibabu kwa sababu tu umefika na umeamua. Utaratibu wao unamfikiria mtu aliyeingia mzima kisha akaugua akiwa huko. Mzee wetu uvimbe wake ulianza Tukuyu, ulipigwa picha kabla ya safari, na barua ya rufaa ina tarehe na mhuri. Ukienda kuomba kubadilisha, ushahidi wa kukukatalia huenda umeubeba mwenyewe kwenye bahasha. Na ukificha bahasha, daktari atafanya kazi na nini?

Najua utaniambia kuhusu jirani yako aliyekwenda na viza ya utalii, akaonwa na daktari, akarudi na dawa zake. Sikatai, hata mimi nawajua wawili. Kumwona daktari, kupima damu, kuandikiwa dawa na kurudi hotelini, wengi hupita. Ugumu unaanza siku ya kulazwa. Hospitali za India zinawajibika kutoa taarifa ya kila mgeni anayelala kwao ndani ya saa 24, kwa fomu iliyozoeleka kwa jina la Fomu C. Ndiyo maana dirisha la wagonjwa wa nje ya nchi linaomba paspoti na viza kabla ya kuuliza unaumwa nini. Wapo wanaolegeza, wapo wasiolegeza hata kidogo, nawe hujui utampata yupi mpaka umeshapanda ndege.

Baba mmoja wa Vwawa, mgonjwa wa vali ya moyo, aliwapata wasiolegeza. Alifanyiwa vipimo vyote kwa siku sita, akapangiwa tarehe ya upasuaji, na jioni ya kulazwa akaambiwa alete viza ya matibabu. Akarudi Dar es Salaam, akaomba upya, akakata tiketi nyingine. Alipasuliwa wiki tano baadaye na leo anachuma kahawa yake, namshukuru Mungu. Lakini hizo wiki tano za kuhema usiku ameketi kwenye kiti kwa sababu hawezi kulala chali, hakuna aliyemrudishia.

Kwa hiyo: unakwenda kutibiwa, omba viza ya matibabu. Kwa Mtanzania anayekwenda India zipo njia mbili. Ya kwanza ni ya mtandaoni, ambayo hospitali huiita e-Medical. Ya pili ni ya kubandikwa kwenye paspoti, inayoombwa kupitia Ubalozi wa India Dar es Salaam. Zote zinataka barua ya hospitali unayokwenda, kwenye karatasi yenye nembo yao.

Barua hiyo isome mwenyewe, herufi kwa herufi, paspoti ikiwa wazi pembeni. Majina yetu ya Nyanda za Juu Kusini, haya ya Mwa-, yanawachanganya sana wanaoyaandika wakiwa mbali. Wiki mbili zilizopita nilirudisha barua kwa sababu jina la ukoo liliishia na "a" na paspoti inaishia na "e". Nyingine, namba ya paspoti ilikuwa na herufi O mahali pa sifuri. Ukiitazama kwa haraka huoni, lakini afisa anayelinganisha karatasi mbili anaona. Kurekebisha barua kunachukua siku moja ya kuandikiana. Kurekebisha viza iliyokwisha kutoka ni kuomba upya, na ada ya kwanza hairudi.

Sasa niseme juu ya siku 60, maana hapa ndipo watu wanaposhindana nami. Viza ya matibabu ya mtandaoni inampa mgonjwa siku 60, kuanzia siku anapoingia India mara ya kwanza, na ndani ya hizo anaruhusiwa kuingia mara tatu. Watu wakisikia "mara tatu" wanasikia safari tatu: sasa ya upasuaji, Desemba ya kliniki, mwakani ya kuangaliwa tena. Hapana. Mara zote tatu zinakaa ndani ya siku 60 zile zile. Zikiisha zimeisha, na kliniki ya mwakani ina viza yake ya mwakani. Mama mmoja wa Uyole alinionyesha neno la mara tatu kwa kidole, karatasi ameitunza ndani ya Biblia miezi saba, na nikaona aibu kuwa mimi ndiye ninayemwambia kwamba haifai tena.

Je, siku 60 zinatosha? Hapo nakiri kwamba kila ninapomshauri mtu nakuwa na wasiwasi. Upasuaji wa kawaida zinatosha na zinabaki. Mionzi ya saratani huweza kwenda wiki sita au saba za matibabu yenyewe, ukiacha vipimo vya mwanzo na siku ambazo mgonjwa ameishiwa nguvu na daktari akasimamisha. Kupandikiza figo ndiko kunakoninyima usingizi. Mtoaji na mpokeaji wakiwa wageni, kuna uthibitisho wa undugu unaopitia ubalozi, kisha kuna kamati inayokaa kuidhinisha chini ya sheria yao ya viungo ya mwaka 1994. Kamati haikai kwa kufuata tarehe ya viza yako. Muda huweza kuongezwa kwa maombi ya mtandaoni kwenye ofisi yao ya wageni, FRRO, hospitali ikiandika barua, lakini kwa nini ujipangie kuomba msamaha mapema? Kwa kupandikiza figo au uboho, na kwa mionzi mirefu, mimi huwaelekeza ubalozini, kwenye viza ya kubandikwa, ambayo inaweza kutolewa hadi mwaka 1 kulingana na matibabu. Ukipewa ya zaidi ya siku 180, jiandikishe FRRO ndani ya siku 14 za kufika. Na yule anayetoa figo usimwandike msindikizaji. Naye anaingia chumba cha upasuaji, naye analazwa. Mimi humwombea viza ya matibabu kama mgonjwa.

Kuna nyakati nimemwelekeza mtu ubalozini, ikachukua muda, nikajiuliza kama ile ya mtandaoni isingemfikisha mapema. Mgonjwa aliye katika hali mbaya hana wiki za kusubiri ukamilifu wa karatasi. Sina kanuni ya kukupa hapo. Namuuliza daktari wake wa hapa swali moja: akichelewa wiki mbili, nini kinaharibika? Jibu lake ndilo linaloamua.

Nije kwa wasindikizaji, jambo ambalo linavunja undugu kwenye ofisi yangu kila mwezi.

Mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili wenye viza ya kumsindikiza mgonjwa. Wawili, hata kama ukoo umechanga mkiwa arobaini. Viza zao zinafungwa na ya mgonjwa: kwenye fomu ya msindikizaji unajaza taarifa za mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo ya mgonjwa inaanza, zao zinafuata. Halafu fomu inauliza uhusiano, nasi tunaanza kusema Kiswahili chetu. Kwetu mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu, na namwita hivyo tangu azaliwe. Baba mkubwa ni baba. Mama mdogo ndiye aliyenilea, kwa hiyo ni mama. Binamu ni ndugu, na ndugu ni ndugu. Hakuna uongo hata mmoja hapo, lakini afisa wa viza anasoma vyeti. Ukijaza "mtoto" na cheti cha kuzaliwa kinataja baba mwingine, mbele yake umedanganya, na sitaki umweleze mila za Wanyakyusa ukiwa umesimama dirishani na mgonjwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu.

Jaza uhusiano wa damu kama ulivyo kwenye karatasi: mtoto wa kaka, mdogo wa mama, mke, mume. Chagueni wasindikizaji ambao vyeti vyao vinasema bila kuongezewa maneno. Najua inauma. Nimemwona binti aliyemwogesha na kumlisha bibi yake miaka mitatu akiachwa, akaenda mjomba mwenye cheti kizuri ambaye hajui hata dawa za asubuhi ni zipi. Pale nilisema, na nasema tena: binti yule alikuwa mjukuu wa damu, cheti chake na cha mama yake vingetosha kuonyesha. Familia ilimpa mjomba nafasi kwa heshima, mgonjwa akabaki na mtu asiyemjua anavyougua. Mmoja wa wale wawili lazima awe anayemjua mgonjwa usiku.

Mengine kwa haraka. Paspoti iwe na miezi sita mbele na kurasa mbili tupu. Mpya ni shilingi 150,000 Uhamiaji, na mtoto mchanga naye anataka yake. Anza na kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa, hapo ndipo wiki zinapopotelea. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Tovuti ya viza ya India ni ya serikali yao, anwani inaishia na gov.in, nyingine zinazofanana nayo zinakula pesa yako. Ombi la mtandaoni lisiwe chini ya siku nne kabla ya kufika. Chapa idhini kwenye karatasi, simu huzima.

Usichukue mambo ya India ukayapeleka kwingine. Marekani haina viza yenye jina la matibabu: mgonjwa anaomba B-2, ile ile ya watalii, akieleza wazi kwamba anakwenda kutibiwa na kuonyesha nani analipa. Uingereza, matibabu ya kulipia ya muda mrefu yana viza ya mgeni ya hadi miezi 11, na ukizidi miezi 6 wanataka cheti cha kupimwa kifua kikuu. Kwa hiyo aliyekwenda Houston na viza ya utalii hakukosea, na hawezi kuwa mfano wako wa Chennai.

Na kabla ya yote, uliza kama safari inahitajika. Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inapasua moyo pale pale Dar es Salaam. Nimewahi kumrudisha mgonjwa kwa daktari wa Hospitali ya Rufaa Mbeya akaulize hilo, na hakurudi kwangu. Alitibiwa nyumbani.

Kijana wa Tukuyu tulikaa naye hadi saa saba mchana. Hospitali ya Chennai imeandika barua mpya, jina limekaa sawa. Msindikizaji wa kwanza ni yeye, cheti chake kina jina la mzee. Wa pili alitaka awe baba mdogo, mwenye duka, aliyechanga zaidi ya wote. Nikamuuliza nani anayemgeuza mzee kitandani usiku. Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada." Amerudi jana na cheti cha dada yake kwenye bahasha ile ile. Ombi la mzee nimelituma saa kumi jioni, na leo najaza ya kwao.