Kupima Uvujaji wa Valvu za Usalama Kwenye Vinu vya Nyuklia: Maana Yake

Kupima uvujaji wa valvu ya usalama ni kuhakikisha kwamba valvu inayosemekana imefungwa, imefungwa kweli. Kipimo hiki huchanganywa mara nyingi na kile cha kuangalia kama valvu itafunguka presha ikizidi. Ni vipimo viwili tofauti. Valvu inaweza kufunguka barabara kwenye presha iliyopangiwa, na bado ikawa inapenyeza mvuke usiku na mchana kabla ya kufika hapo.

Hapa Tanga habari za umeme wa nyuklia zinatufikia zaidi kutoka kaskazini. Kenya iliwahi kuitaja Uyombo, kule Kilifi, kuwa mahali pa kujenga kituo, na wenyeji wakapinga. Kilifi ni pwani yetu hii hii, na wengi wetu tuna jamaa kule. Tanzania haina kituo cha aina hiyo. Barani Afrika kinachozalisha umeme wa biashara kwa nyuklia ni Koeberg, karibu na Cape Town, chenye vinu 2 vilivyoanza kazi mwaka 1984 na 1985. Barazani watu huuliza kuhusu mionzi na mlipuko, na wana haki ya kuuliza. Mimi ningependa tuulize pia kuhusu valvu, kwa sababu ajali kubwa kuliko zote katika vituo vya umeme wa nyuklia vya Marekani ilipitia kwenye valvu.

Tuanze na kifaa chenyewe. Ndani ya valvu ya usalama kuna diski ya chuma iliyokalia siti ya chuma, na juu yake springi nzito inayoikandamiza. Presha inayotoka chini yake inasukuma diski juu, springi inaisukuma chini. Springi ikishindwa, diski inanyanyuka, mvuke unatoka, presha inashuka, diski inarudi mahali pake. Haihitaji umeme wala mtu wa kubonyeza kitufe, na ndiyo maana inaaminiwa kuliko vifaa vingi vilivyo janja zaidi. Kwenye kinu cha maji ya presha, aina iliyoenea zaidi duniani, maji yanayozunguka kwenye kiini, yaani sehemu yenye fueli ya nyuklia, hukaa kwenye presha ya baa 155 hivi (baa ni kipimo cha presha) na joto linalozidi nyuzi 300 za Selsiasi. Valvu zake za usalama kwa kawaida huwekwa zifunguke karibu na baa 172.

Piga hesabu hapo: baa 155 ni asilimia 90 ya baa 172. Maana yake valvu hiyo inaishi maisha yake yote karibu na ukomo wake. Diski na siti hazina nafasi ya kupumzika. Kanuni nyingi za kupima uvujaji zinataka kipimo kifanyike kwenye asilimia 90 ya presha ya kufungukia, kwa sababu huko ndiko siti inakoelemewa: springi bado inashinda, lakini kwa ushindi mdogo.

Kwa valvu za viwandani kipimo chenyewe ni rahisi kukielewa. Anayebadilisha mtungi wa gesi nyumbani na kupaka povu la sabuni kwenye maungio ameshafanya ndugu yake: anatafuta mapovu. Kwenye karakana, valvu hufungwa mezani, ikaingizwa hewa au nitrojeni kwa chini, na upande wa kutokea huzibwa kwa kifuniko chenye kijibomba cha kipenyo cha nje cha milimita 8. Ncha ya kijibomba huzamishwa kwenye kikombe cha maji, milimita 13 chini ya uso wa maji. Halafu mtu anahesabu.

Nimelishuhudia hili kwenye karakana moja njia ya Pongwe, valvu ikiwa ya boila ya kiwanda. Kijana alikuwa ameinama na simu mkononi ikihesabu sekunde, fundi mzee amesimama nyuma yake akitazama geji. Maji yalikuwa yametulia tuli.

"Mzee, imekaa. Nishushe presha?"

"Subiri mwanangu, dakika haijatimia."

Povu likajikusanya kwenye ncha, likavimba polepole, likaachia. Kisha la pili. Kijana akaandika 2 kwenye karatasi, na mzee akamwagiza aandike pia presha iliyokuwa kwenye geji wakati ule, maana idadi ya mapovu bila presha haisemi kitu.

Kanuni inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni API 527 ya Taasisi ya Petroli ya Marekani. Kwa valvu zenye siti ya chuma na presha isiyozidi baa 69, inaruhusu mapovu 40 kwa dakika kwa zenye tundu dogo, na 20 kwa zenye tundu kubwa zaidi. Zenye siti laini, ya mpira au plastiki, haziruhusiwi hata povu moja. Valvu ikipimwa kwa mvuke badala ya hewa, mapovu hayahesabiwi. Inatakiwa mvuke usionekane wala usisikike.

Valvu za nyuklia zina masharti yao ya ziada, na sababu mojawapo ni joto. Chuma kikipashwa hutanuka, na hakitanuki sawasawa kila upande. Valvu iliyotulia kama jiwe kwenye hewa baridi ya karakana inaweza kuanza kupenyeza ikikutana na mvuke wa nyuzi 300 na zaidi. Kwa hiyo valvu za mvuke hupelekwa kwenye maabara zenye boila kubwa zikapimwe kwa mvuke wenyewe, na kwa kuwa zimetoka kwenye maji yenye mionzi, si kila karakana inaruhusiwa kuzigusa.

Sasa swali la msingi: mvuke kidogo unaopenya una ubaya gani? Ubaya wa kwanza ni wa kifundi. Mvuke wa presha kubwa ukipata mwanya mwembamba kama unywele huchonga chuma. Leo ni unywele, baada ya miezi ni mfereji, na siti hiyo lazima ifunguliwe, isagwe kwa pesti hadi uso wake uwe bapa kabisa, ndipo irudishwe.

Ubaya wa pili ndio unaonifanya niandike. Valvu inayovuja huwazoesha watu.

Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, saa 10 hivi, kinu namba 2 cha Three Mile Island, Pennsylvania, kilipata hitilafu kwenye mfumo wa maji ya kulisha jenereta za mvuke, yaani vyombo ambamo joto la kinu hugeuza maji kuwa mvuke. Presha ikapanda, valvu ya kupunguza presha ikafunguka kama ilivyotakiwa. Hii ni ndugu ya valvu ya usalama: inatangulia kufunguka, tena kwa amri ya umeme. Baada ya sekunde chache presha ilishuka na valvu ilipaswa kufunga. Haikufunga. Kwenye chumba cha udhibiti taa ilionyesha kwamba amri ya kufunga imetolewa, na wahudumu wakaichukulia kuwa valvu imefunga.

Walikuwa na shahidi mwingine. Bomba linalotoka kwenye valvu hiyo lilikuwa na kipimajoto. Maelekezo ya kituo yalisema nyuzi 200 za Farenhaiti, yaani 93 za Selsiasi, ni dalili kwamba valvu iko wazi. Joto lilikuwa juu. Lakini wahudumu waliiambia tume ya uchunguzi iliyoongozwa na John Kemeny kwamba bomba hilo kwa kawaida lilisoma joto kubwa, kwa sababu valvu hiyo au nyingine jirani ilikuwa ikivuja kidogo. Dalili ya hatari ilikuwa imeshakuwa hali ya kila siku.

Valvu ikabaki wazi kwa zaidi ya saa 2. Zikatoka zaidi ya galoni 32,000 za maji ya kupoza, zaidi ya theluthi ya maji yote ya mfumo. Ni msimamizi aliyekuja kwa ajili ya zamu iliyofuata, mtu mwenye macho mapya, aliyependekeza wafunge valvu ya kuzuia iliyo kwenye bomba hilo hilo. Wakaifunga saa 12 na dakika 22 asubuhi. Karibu nusu ya kiini iliyeyuka.

Linaloumiza ni kwamba jambo la namna hiyo lilikuwa limeshatokea. Septemba 1977, kwenye kituo cha Davis-Besse huko Ohio, valvu ya kazi hiyo hiyo kwenye kinu cha mtengenezaji yule yule ilikwama wazi. Wahudumu waliitambua baada ya dakika 20 hivi, na kinu kilikuwa kikifanya kazi kwa nguvu ndogo, kwa hiyo hakikuharibika. Somo halikuwafikia wenzao wa Pennsylvania kwa namna ya kuwasaidia. Baada ya 1979 ndipo Marekani ikaamuru kila kituo kiwe na kifaa kinachoonyesha moja kwa moja kama valvu iko wazi. Vituo vingi vilifunga vifaa vya kusikiliza mtetemo wa mvuke ndani ya bomba.

Kati ya kipimo na kipimo, uvujaji hufuatiliwa kinu kikiwa kazini. Kinachopita kwenye valvu hizi huingia kwenye tangi lenye maji, na tangi hilo likianza kupanda joto au kina, mtu anatafuta sababu. Vituo vingi vya Marekani hutumia ukomo wa galoni 10 kwa dakika, lita 38 hivi, kwa uvujaji ambao chanzo chake kinajulikana, na galoni 1 tu kwa usiojulikana unakotoka. Uvujaji wa bomba au chombo chenyewe cha presha hauruhusiwi hata tone.

(Kuna pia kipimo cha uvujaji wa jengo zima la zege linalofunika kinu, pamoja na valvu zinazoziba mabomba yanayopita ukutani kwake. Hicho kina kanuni zake na tusikichanganye na hiki.)

Kwa valvu kubwa za usalama za mfumo wa kwanza, yaani ule wa maji yanayopita kwenye kiini, kanuni ya ASME, jumuiya ya wahandisi wa mitambo ya Marekani, inataka kila moja ipimwe angalau mara moja katika miaka 5, na angalau asilimia 20 ya kundi la valvu za aina moja zipimwe katika kila miezi 24. Valvu hupimwa kama ilivyokutwa, kabla mtu hajaisafisha wala kuikaza, ili karatasi ionyeshe ilivyokuwa ikikaa kwenye kinu. Uvujaji huangaliwa kwanza, kufunguka baadaye, kwa sababu diski ikisharuka inaweza kukaa upya na kuficha ilichokuwa ikipenyeza. Na moja ikikutwa imehama kutoka presha yake ya kufungukia kupita ukomo unaoruhusiwa, nyingine 2 za kundi lake lazima zishushwe nazo zikapimwe.