Kukaa sana chini ya maji si kipimo cha mapafu

Kwenye mialo ya Mwanza, vijana wakishindana kupiga mbizi, anayeibuka wa mwisho husifiwa kuwa na mapafu makubwa. Si lazima. Kinachomrudisha mtu juu ni hasa kabonidayoksaidi inayoongezeka kwenye damu, na mazoezi humzoesha kuivumilia. (Kuhema harakaharaka kabla ya kuzama ni hatari: gesi hiyo hupungua, onyo huchelewa, mtu huzimia majini.)

Ukubwa hupimwa kwa hewa inayotoka. Chukua dumu angavu la lita 5, lijaze nusu lita nusu lita ukichora alama kila mara. Likijaa, lizibe, ligeuze ndani ya beseni la maji, kisha ulizibue humo majini na uingize ncha ya mpira wa maji mdomoni mwa dumu. Bana pua, vuta pumzi hadi mwisho, pulizia mpirani mpaka uishiwe. Mwanamume mzima hutoa takriban lita 4 hadi 5, mwanamke 3 hadi 4. Wengi hukosea kwa kuacha mapema. Hata ukijikamua vipi, lita moja hivi hubaki kifuani.

Dumu halipimi kasi. Mwenye pumu anaweza kulijaza vizuri, ila polepole. Huyo anahitaji spirometa ya hospitali, yaani kifaa cha kupima pumzi pamoja na kasi yake.