Nyutro mteremkoni haibani mafuta

Nimeisikia tena wiki hii hapa Masasi, safari hii kwa mtu mwenye leseni ya siku nyingi: "Mwalimu, mimi kwenye mteremko naweka nyutro, nabana mafuta." Nimechoka kulijibu jambo hili kwa mdomo, kwa hiyo naliandika.

Gari la nozeli (vinyunyizio vya mafuta) zinazoongozwa na kompyuta likiwa kwenye gia, na mguu wako umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na nozeli hufungwa kabisa. Ukiweka nyutro, injini inatengana na magurudumu, kwa hiyo lazima inyunyiziwe mafuta isizimike. Anayedhani anabana ndiye anayechoma. Wanaozima gari kabisa sina maneno nao: usukani huwa mzito, na breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache.

Linaloniudhi hasa ni joto. Lori la tani 30 likishuka meta 500 hutoa nishati inayokaribia ile ya lita 4 za dizeli, na ukiwa nyutro karibu yote huishia kwenye breki, ambazo zikishapata moto kupita kiasi hazishiki. Halafu tunasoma kwamba lori "limefeli breki", kana kwamba limeamua lenyewe. Magari madogo yana balaa jingine, kwa kuwa mafuta ya breki hufyonza unyevu: yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishalowa yanaweza kuchemka kwenye 140, na pedali ikazama hadi sakafuni. Sisi wa Mtwara na Lindi tunaishi na hewa ya pwani, tunabadilisha oili kwa wakati, na mafuta ya breki tunayaacha yazeeke na gari. Kasoro hiyo haionekani kwenye tambarare. Itaonekana ukishuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, macho yako yakiwa kwenye Ziwa Nyasa.

Kanuni ya kushukia gia ileile uliyopandia naifundisha kwa shingo upande. Gia ya kupanda huamuliwa na nguvu ya injini, ya kushuka na uzito wa gari; lori la tabo, yaani lenye injini iliyoongezewa nguvu, hupanda kwa gia ambayo wakati wa kushuka haitalizuia. Nasema punguza moja au mbili kabla mteremko haujaanza, na ipi kati ya hizo sina jibu la jumla. Ukijikuta unakanyaga breki mfululizo, gia bado ni kubwa. Wenye otomatiki watumie L au 2, si D na dua.

Ukisikia harufu ya kuungua, simama na usubiri breki zipoe zenyewe. Maji ya utingo kwenye dramu ya breki yenye moto yanaweza kuipasua.