Barua Fupi Si Utovu wa Heshima

Wiki iliyopita niliambiwa tena. Mshiriki mmoja wa mafunzo, ofisa mwenye miaka kumi kazini, alikuwa ameipunguza barua yake ya ukurasa mzima ikabaki sentensi tatu. Nikaisoma, nikampongeza. Akaniangalia kwa mashaka. "Mwalimu, hii nikimpelekea mkurugenzi ataona namdharau."

Nafundisha uandishi wa kikazi: barua, madokezo, mihtasari ya vikao, taarifa. Maneno hayo nimeyasikia hadi nimechoka, kwa hiyo naanza nayo, na nitakaa hapo kwa muda kabla ya kugusa visingizio vingine ninavyovisikia darasani.

"Maandishi rasmi lazima yawe mazito"

Barua ya ofisa huyo, kabla hajaipunguza, ilianza hivi: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kuchukua nafasi hii kukujulisha kwamba, katika kuhakikisha suala zima la utunzaji wa vifaa linafanyika kwa ufanisi, kimsingi imeonekana kuna umuhimu wa kufanyika kwa zoezi la matengenezo ya printa."

Hayo ni maneno 37, na msomaji bado hajui printa ipi, ina nini, wala anaombwa fundi au fedha. Majibu yalikuwa yamejificha aya ya nne. Tulipomaliza kuihangaikia, barua ilisema: "Printa ya masjala haivuti karatasi tangu Jumatatu. Fundi anaomba sh. 180,000 kubadilisha rola. Naomba idhini yako ili aje kesho." Maneno 19, na mkurugenzi anaweza kuandika "Naafiki" pembeni bila kumwita mtu ofisini aje kueleza.

Sasa heshima iko wapi? Iko kwenye cheo kilichoandikwa sawasawa, jina lisilokosewa, barua iliyopita kwa mkuu wa idara kabla ya kwenda juu, na "naomba" badala ya "nataka". Naelewa hofu inatoka wapi. Ana kwa ana, ukiruka salamu umemkosea mtu. Lazima uulize za nyumbani, za watoto, za kazi. Lakini mwenye majalada thelathini mezani hajakaa barazani na wewe. Hodi moja inamtosha.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba uzito huu tunauchukua kwa kuiharibu lugha yetu wenyewe. Kitenzi cha Kiswahili ni kifaa cha ajabu. "Tutawalipa" ni neno moja, na ndani yake yumo anayelipa, wamo wanaolipwa, na umo wakati. Ofisini tunalivunjavunja: "zoezi la malipo kwa wahusika litafanyika". Nani analipa? Katoweka. Tunasema "kufanya zoezi la ukaguzi" wakati "kukagua" ipo. Tunasema "suala zima la usafi" kana kwamba kuna suala nusu la usafi.

Halafu kuna ile herufi ndogo, w ya kutendwa. "Hatua stahiki zitachukuliwa." Na nani? Lini? Sisemi usiitumie kabisa. "Kikao kilifunguliwa saa 4:00 asubuhi" haina ubaya, maana aliyefungua kwa kawaida ni mwenyekiti na kila mtu anajua. Ila ikifika kwenye maazimio, w ndiyo kichaka cha kujifichia. Muhtasari unaosema "ilikubalika kwamba vifaa vinunuliwe" utasomwa tena kikao kijacho, na kijacho baada ya hicho, vifaa havijanunuliwa. Mimi muhtasari usio na mtekelezaji na tarehe mbele ya kila azimio naurudisha bila kusahihisha chochote. Wanafunzi wangu wananiona mkorofi kwa hili, na wako sahihi.

Kuhusu "husika na kichwa cha habari hapo juu": msomaji ametoka kukisoma kichwa sasa hivi. Lakini kama uko serikalini na ofisi yako imezoea aya ya kwanza ya namna hiyo, ile isiyo na namba, usipigane na masjala. Iweke, kisha hakikisha ombi lako liko kwenye aya inayofuata, ile yenye namba 2. Lisisogee zaidi ya hapo.

Na wanaodhani wepesi wa lugha ni mchezo wa walimu wa semina, Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 ya kuzitaka taasisi za serikali kuu ziwaandikie wananchi kwa lugha iliyo wazi. Mwaka 2023 shirika la viwango la kimataifa, ISO, likatoa kiwango kizima cha jambo hilohilo, ISO 24495-1. Kinachopimwa humo ni kama msomaji anapata anachohitaji, anakielewa, na anaweza kukifanyia kazi.

"Mimi Kiswahili nilipata A"

Hongera. Insha ya shule ililipa methali, tamathali na idadi ya maneno, na mwalimu alilazimika kuisoma hadi mwisho. Bosi wako halazimiki.

"Barua ya Kiingereza ina hadhi zaidi"

Andika kwa lugha ambayo msomaji ataitumia kuamua. Tanzania serikali inafanya kazi kwa Kiswahili, na tangu marekebisho ya sheria ya 2021 hata lugha ya mahakama ni Kiswahili. Ukiandikia mfadhili wa nje, sawa, tumia Kiingereza. Lakini nimesoma Kiingereza cha watu wanaoogopa kuandika Kiswahili, na ugonjwa ni uleule: maneno mengi, ombi halionekani.

"WhatsApp si maandishi ya kazi"

Bosi akikujibu "sawa" kwenye WhatsApp, hiyo ni idhini, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 inatambua ujumbe wa namna hiyo kama ushahidi unaoweza kupokelewa mahakamani. Kwa hiyo usiulize maswali mawili kwenye ujumbe mmoja, maana "sawa" itajibu moja na hutajua lipi.

"Akili mnemba itaniandikia"

Itakuandikia, na itaanza na "natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa mzima". Haijui printa ni ya masjala wala fundi anataka kiasi gani. Ukishakaa ukayajua hayo mawili, barua umeshaimaliza.

"Nitahudhuria semina ya siku mbili"

Njoo, nalipwa kwa hilo. Ila uandishi unaingia kwa kusahihishwa. Chukua barua yako ya miezi mitatu iliyopita, pigia mstari sentensi yenye ombi, uone iko aya ya ngapi. Ipandishe juu. Kisha msomee kwa sauti mwenzako wa idara nyingine, asiyejua lolote kuhusu jambo hilo. Akikuuliza "kwa hiyo unataka nini?", rudia. Fanya hivyo kila Ijumaa kwa barua moja tu.

Yule ofisa amenitumia nakala ya barua aliyoipeleka. Sentensi tatu zipo kama tulivyoziacha. Juu yake amerudisha "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Nimemwachia hiyo moja.